Nyumba Niliyoifuta kwenye Daftari

Ipo asubuhi moja ya kule mtaa wa Katuba, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapomwona kijana anatoka nyumbani na kalamu na karatasi ya maswali. Wewe nawe umeniambia unaanza utafiti wako wa nishati na hewa ya ukaa. Basi kaa kidogo nikusimulie jinsi nilivyomkosea mama mzee, na jinsi kosa hilo lilivyonifundisha kazi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, hapa hapa Lubumbashi. Baba yangu, mtu wa Kasai aliyekuja huku kufanya biashara ya nguo, alikuwa amekwishawaambia ndugu zake wote kwamba mimi, Ngalula wake, namaliza. Ilibaki mémoire tu, ile kazi ya mwisho ya kuandika na kuitetea mbele ya walimu. Nilikuwa nimechagua swali ambalo niliona ni kubwa: familia moja ya Katuba inachoma makala kiasi gani? Unajua makala yetu, mkaa wa kupikia, unaoletwa kwa baiskeli kutoka porini. Kila mfuko ni miti iliyoanguka na moshi uliopanda juu. Nilitaka kujua ni kiasi gani.

Nilichagua nyumba saba. Kila nyumba niliipa mfuko wa makala, na kila asubuhi nilipita na mizani yangu kuona umepungua kiasi gani. Nyumba sita zilikwenda sawa, kama dada wa tumbo moja. Ya saba ilinisumbua. Ilikuwa ya Nkambo Kaseba, yaani Bibi Kaseba, mjane mwenye wajukuu saba, mzaliwa wa hapa, watu wake wakiwa wakulima tangu zamani. Nyumba ya watu wanane, lakini makala yake yalipungua nusu tu ya yale ya jirani! Nilibadilisha mizani. Nikapima mara mbili. Jibu likabaki lile lile.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi. Badala ya kujiuliza, nilimshuku. Nilisema moyoni kwamba huyu mama anapika kwa kuni uani, au anaongeza makala yake ndani ya mfuko wangu ili asifiwe. Asubuhi moja, wanawake wawili wa jirani wakiwa pale wanatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nilimwambia, "Nkambo, unanidanganya."

Mchi ulisimama. Nkambo akaingia ndani. Kesho yake nilikuta mfuko umewekwa nje ya mlango, umefungwa vizuri kwa kamba. Mjukuu wake mkubwa akaniambia, "Nkambo anasema ukamate mufuko yako."

Niliubeba. Na usidhani niliona haya siku ile, nilikasirika. Nikarudi nyumbani, nikafungua daftari, nikaifuta nyumba ya saba. Jedwali likawa safi, zuri kupendeza. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mimi nilikuwa nauona mwiba tu, mguu sikuufikiria.

Profesa wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma kurasa zangu, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Hapa umeandika nyumba saba. Kwenye jedwali nahesabu sita."

"Moja nimeiondoa, Profesa. Haikulingana na nyingine."

"Haikulingana, au hukuielewa?"

Profesa akafunga kazi yangu, akanirudishia. Alisema hatasoma tena hadi nyumba ile irudi mahali pake. Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kuwasilisha, na nilijua maana yake: nitakosa kikao cha kwanza cha kutetea, na baba atawaeleza nini ndugu zake?

Siku mbili nililia. Ya tatu nikaenda Katuba bila mizani. Nilimkuta Nkambo anachambua maharagwe ya kesho. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi, na nikawaomba na wale majirani wawili waje wasikie, kwa kuwa tusi nilikuwa nimelitoa mbele yao. Nkambo alichambua, akachambua. Mwishowe akasema:

"Weye mutoto ya shule, ulipima mufuko yangu kila siku. Siku moja tu haukuniuliza: Nkambo, unapika namna gani?"

Mwanangu, afadhali ningepigwa viboko kuliko maneno yale.

"Nakuuliza sasa, Nkambo," nikasema.

Akacheka kidogo, akainuka, akanishika mkono hadi chumbani. Juu ya kitanda palikuwa na kitu kimefunikwa blanketi kuukuu, kama mtoto aliyelala. "Fungua," akasema. Nikafunua, nikafunua tena, ndani nikakuta kikapu, na ndani ya kikapu sufuria. Mvuke ukanipiga usoni. Maharagwe yalikuwa yameiva, laini kabisa, na mbabula, jiko lake la makala pale uani, ilikuwa baridi tangu asubuhi.

Alinieleza. Maharagwe hulala majini usiku kucha. Asubuhi huchemka kidogo tu juu ya mbabula, halafu sufuria inavikwa blanketi, na joto lake lenyewe linamaliza kazi. "Zamani nilikuwa naenda ku shamba," alisema, "hakuna muntu ya kuangalia moto. Njo nilijifunza." Na makala yaliyobaki hakuyaacha yajichomee bure, aliyatia ndani ya kopo lenye kifuniko, yakazimika, akayatumia tena jioni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nilikuwa nimekuja kuhesabu nywele za watu bila kuuliza akili zao.

Nilimuuliza kama bukari, ugali wetu, nayo huiva kwenye blanketi. Wale majirani waliangua kicheko. "Bukari ni ya moto na ya mikono," Nkambo akasema. "Ile hauwezi kuidanganya."

Basi nikabadilisha swali langu. Sikuuliza tena familia inachoma kiasi gani. Niliuliza wale wanaochoma kidogo wanafanyaje, na wengine wanaweza kuiga? Nkambo alikubali kuwafundisha wanawake wa zile nyumba sita. Mmoja aliona ni kazi bure, akaacha. Mwingine alisema mumewe hataki chakula kilicholala kitandani. Wanne waliendelea, na nilipowapimia tena, mfuko uliokuwa ukiisha siku ya tano ulifika siku ya saba.

Kikao cha kwanza nilikikosa kweli. Baba hakuzungumza nami wiki nzima. Nilitetea katika kikao cha pili, na Nkambo Kaseba alikuja, amevaa kikwembe kipya, akakaa mstari wa mbele. Profesa alimwonyesha ukurasa nilioandika jina lake. Nkambo akauliza kama ameandikwa pamoja na jina la baba yake. Nikaliongeza palepale kwa kalamu.

Leo, mwanangu, mnauliza maswali makubwa kuliko yetu. Shaba na kobalti ya ardhi hii inakwenda kutengeneza betri za magari ya mbali, na huku mama bado anapepea mbabula. Moshi wa huku nani anauhesabu, na umeme utagawanywa vipi? Yaulizeni, na msiogope ukubwa wake. Nina imani nanyi, maana mnaona mbali kuliko tulivyoona sisi.

Ila nakuusia hivi. Namba inayokuaibisha usiifute; irudie, huenda ndiyo iliyobeba jibu. Mtu usimpime kabla hujamsalimu na kumsikiliza. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza huku umekwishajijibu ni ujinga uliovaa viatu. Na ukikosea mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu hao hao.

Nenda sasa. Mungu akulainishie ulimi, akupe subira ya kusikia hadi mwisho. Wazee wakufungulie milango yao bila shaka moyoni, na kazi ya mikono yako iwapunguzie watu moshi machoni. Amina.