Nahodha wa Kiti cha Kuzunguka

Kinyozi huyu hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini. Hilo lisemwe mapema lisije likatusumbua mbele ya safari. Hata beseni la kuogea aliliingia kwa mashaka, mguu mmoja kwanza, huku ameshika ukuta. Lakini mtaa mzima ulimwita Nahodha, na jina hilo alilijenga mwenyewe, uongo juu ya uongo, kama mtu anayejenga kwa matofali ya kuokota mpaka siku moja anashtuka nyumba ina ghorofa.

Ilianza siku alipofungua kibanda chake cha kunyolea. Mteja wa kwanza alikuwa mwoga wa wembe, kichwa hakitulii, kinakwenda huku na huku kama cha kuku aliyesikia hatua. Kinyozi akamwekea mkono utosini, akamwambia, "Tulia, mzee wangu. Mimi nimemnyoa nahodha katikati ya dhoruba, meli imelala ubavu, na sikumkwaruza."

Mzee akatulia tuli. Akakodoa macho kwenye kioo. "Ikawaje?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kazi ya kupunguza pembeni ikaisha, dhoruba haijaisha, na kwa kuwa kinyozi hakujua namna ya kuikatisha, akaendelea kunyoa. Mzee aliyekuja kupunguza pembeni akatoka na kipara kinachong'aa kama sahani, na akashukuru.

Tangu siku ile huo ukawa utaratibu wa kibanda. Mtu hakuagiza mtindo peke yake, aliagiza na hadithi ya kwenda nayo. "Nipunguze juu, na papa." "Kipara, na dhoruba ile ya pili." Ndevu zilikwenda na hadithi fupi, ya pweza au ya mpishi wa meli aliyemchumbia nguva kwa makosa. Wanafunzi walipewa nyangumi wote kwa mkupuo, maana hawatulii. Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni yenye kiyoyozi, televisheni ya ukuta mzima, na vijana wanaokukanda mabega utake usitake. Nahodha alikuwa na feni moja inayozunguka ikijisikia na kioo chenye ufa. Lakini benchi lake halikukosa makalio. Bila bahari, angekuwa mtu mwenye mashine tu, na watu wenye mashine wamejaa kila kona.

Mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Pacha, alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na mtu aliyezoea kuona shuka kabla halijafuliwa hadanganyiki kirahisi. Alikwishamwona mumewe akivuka daraja la mto huku amefumba macho na kumshika mtu asiyemjua. Ila alinyamaza. Papa wale ndio waliowasomesha pacha wake.

Basi, aliyeleta balaa ni fundi viatu. Huyu meza yake ilikuwa imeegemea kibanda cha Nahodha, na kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa na sauti, alijiona mwenyekiti wa benchi bila kupigiwa kura. Asubuhi moja aliingia akiwa amefumbata bahasha.

"Nahodha! Sisi wateja wako tumekurudisha nyumbani!"

"Nyumbani wapi? Si nimetoka huko sasa hivi?"

"Majini, ndugu yangu! Jumamosi, boti la mzunguko wa bandari. Chakula cha mchana, bendi, na mandhari. Benchi zima tunakwenda, na wewe ndiye mgeni rasmi!"

Mashine ikamponyoka kinyozi mkononi, ikapita katikati ya kichwa cha mteja ikifungua barabara pana kutoka paji la uso mpaka kisogoni.

"Huu ni mtindo gani?" mteja akauliza, akijipapasa kichwa.

"Mkondo wa bahari," Nahodha akajibu. "Unaingia mjini mwezi ujao."

Alijaribu kuchomoka. Akasema mgongo unauma. Akasema mabaharia waliostaafu hupandwa na majonzi wakiona maji. Fundi viatu akapunguza sauti, jambo alilofanya mara chache maishani. "Sikiliza. Wale wa kiyoyozi wamesema hutakwenda. Wanasema hujui hata boti linaingiliwa upande gani. Usipopanda Jumamosi, Jumatatu utanyoa kioo."

Jioni alimweleza mkewe.

"Sema unaumwa," akasema Mama Pacha.

"Niumwe nini?"

"Mdomo."

Jumamosi ikafika bila kuombwa. Boti lilikuwa la ghorofa mbili, rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe juu ya kutu, limefungwa gatini kwa kamba nene kama paja. Mlinzi wa gati alikaa kwenye kigoda chake karibu na lango, akichana tiketi na kumenya chungwa kwa zamu. Benchi zima lilikuwepo. Mzee wa magazeti alikuwa amevaa tai. Wiki nzima alikuwa akimwambia kila anayenunua gazeti kwamba ataiona bandari kwa upande wa maji kabla hajafa, na wengine alikuwa amewaambia mara mbili. Fundi viatu akamvika Nahodha kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu mbele. Watu wakapiga makofi. Nahodha akavaa miwani yake myeusi, akavuka ubao wa kupandia kwa mwendo wa bwana harusi, polepole na kwa huzuni, mkewe akimsukuma kwa nyuma kwa kidole kimoja.

"Njoo dirishani, Nahodha!" fundi viatu akaita.

"Baharia wa kweli haangalii bahari," akajibu. "Ataona nini kipya?" Akaketi katikati kabisa, karibu na spika, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na nyuma ya miwani akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Sasa hapa msomaji ajue jambo ambalo Nahodha hakulijua. Injini iligoma. Fundi wake alizama chini na spana, akaibuka na mafuta mpaka kwenye nyusi, akatikisa kichwa. Mwenye boti, mtu wa tumbo la kutosha na aibu kidogo, aliangalia abiria waliokwisha kukaa, akaangalia masufuria yaliyokwisha kuiva, akamnong'oneza dada wa maikrofoni, mtangazaji wa mandhari: "Endelea na programu. Wakishiba hawatachungulia nje."

Jenereta la jikoni likawashwa, sakafu ikatetemeka kwelikweli. Bendi ikaanza, mwimbaji akalalamika jinsi alivyoachwa, na kwa sauti ile ilikuwa rahisi kumwelewa aliyemwacha. Dada wa maikrofoni akaipuliza maikrofoni yake.

"Mabibi na mabwana, safari imeanza! Kulia kwenu mnaona maghala ya nafaka!"

Kulia kulikuwa na maghala ya nafaka kweli. Yalikuwepo tangu asubuhi.

Ikaja supu. Meli kubwa ya mizigo ikapita mbali, mawimbi yake yakaja yakalisukuma boti likajigonga kwenye matairi ya gati.  Nahodha akatupa mkono pembeni atafute kitu cha kushika, akakipata, akakibana.

"Baba Pacha," mkewe akasema, "hilo ni paja la kuku wangu."

"Shikilia na wewe, mke wangu!" akanong'ona. "Tumeingia kwenye mkondo!"

Mama Pacha akamtazama, akamnyang'anya kuku wake, akageukia dirishani aendelee kula kwa amani. Pale nje, kwenye kigoda, alikuwepo mlinzi na chungwa lake. Akala. Ukaja wali. Akatazama tena. Mlinzi. Yakaja matunda. Mlinzi.

"Shemeji," akamwambia fundi viatu, "yule mlinzi anatufuata?"

Fundi viatu akabandika pua kwenye kioo. Akaitazama kamba. Akaifuata kwa macho kutoka gatini mpaka kwenye boti, kisha kutoka kwenye boti mpaka gatini, isije ikawa upande mmoja umefunguliwa. Halafu akarudiwa na sauti yake yote.

"Hatujatoka! Jamani, hatujatoka! Tumekula bandarini kama makontena!"

Viti vikaanguka. Watu wakakimbilia madirishani, boti likainama upande mmoja, na Nahodha, aliyekuwa na spika sikioni na hofu kila mahali kwingine, akajua ndiyo dhoruba yenyewe imefika. Muziki ukakatika. Mwenye boti akaja amenyoosha mikono, anatabasamu kama anayeuza nyumba inayovuja.

"Ndugu abiria, safari si umbali, safari ni hali! Mmetikisika? Mmetikisika. Mmeonyeshwa mandhari? Mmeonyeshwa."

"Hatutaki maneno, tunataka bahari!" mtu akapiga kelele.

Macho ya mwenye boti yakazunguka yakitafuta pa kujificha, yakatua kwenye kofia nyeupe yenye nanga. "Basi tumuulize mwenye ujuzi! Bwana, wewe ni baharia?"

Nahodha akasimama, macho bado yamefumbwa, mikono bado mezani. Miaka yote ya kibandani ilimjibia kabla hajafikiri. "Maisha yangu yote."

"Safari umeionaje?"

"Ngumu," akasema Nahodha, na sauti ikapata ile mikunjo yake ya dhoruba ya pili. "Pale kwenye mnara wa taa mkondo ulitupiga ubavuni. Mwingine angetuzamisha. Lakini nahodha wenu ana mkono. Nampa heshima zake."

 Mpiga ngoma akaangusha kijiti, kikabingirika mpaka kilipochoka.

"Mmesikia?" mwenye boti akapiga makofi peke yake. "Mtaalamu kasema! Safari imefanyika. Shukeni taratibu, karibuni tena."

Ndipo Mama Pacha alipoinua mkono wenye mafuta ya kuku akamvua mumewe miwani. "Fungua macho, mume wangu. Salimia."

Akafungua. Nje, mlinzi wa gati akamwona, akampungia kipande cha chungwa.

Hakuna kinyozi aliyewahi kunyolewa namna ile, tena bila maji. Akisema hawajasafiri, basi ni baharia asiyejua boti lililofungwa na boti linalokwenda, na Jumatatu mtaa mzima utahamia kwenye kiyoyozi. Akisema wamesafiri, bahari yake itasalimika, ila hawa wote watashuka na safari yao imekwisha. Akatazama meza. Mzee wa magazeti alikuwa ameanza kulegeza tai, taratibu, bila kumlaumu mtu.

"Nahodha," fundi viatu akasema, safari hii kwa upole. "Tumesafiri, au hatujasafiri?"

Akavua kofia.

"Mimi ni kinyozi."

"Hilo tunalijua."

"Ni kinyozi tu. Sijawahi kupanda boti. Hili ndilo la kwanza, na lenyewe halijaondoka."

"Na papa?" mtu akauliza kwa nyuma.

"Hakuna papa."

"Na dhoruba ya pili?"

"Hata ya kwanza hakuna."

Jamaa mmoja wa benchi akajishika kichwa, kitupu kama yai. "Mimi nimekaa kipara miaka yote hii kwa ajili ya dhoruba ile! Mke wangu anadhani ni ugonjwa!"

"Nisamehe, ndugu yangu. Lakini ushahidi wangu ufuteni. Mzee wangu hapa hajaiona bandari. Hatushuki."

"Hatushuki!" mzee wa magazeti akaitikia, akakaza tai mpaka akakohoa. Na chombo kizima kikaanza kugonga meza kwa vijiko: "Bahari! Bahari!" Mpiga ngoma, ambaye hakuwa na upande, akawapigia mdundo.

Mwenye boti alistahimili kidogo, kisha akapiga simu kwa uchungu. Kikaja chombo kidogo cha kuzolea takataka za bandarini, kinanuka kama kilivyo, kikafungwa kamba mbele, kikaanza kulivuta boti la mandhari kama mtoto anayeburutwa shule. Dada wa maikrofoni akaanza upya, safari hii kwa furaha ya mtu anayesema kweli. Mzee wa magazeti akasimama dirishani hakukaa tena.

Nahodha angeweza kushuka. Mlinzi alikwishamwekea ubao. Hakushuka. Alikaa macho wazi, akaona maghala yanakwenda, kreni zinakwenda, mnara wa taa unakuja kweli, na hapo kwenye mnara akaitapikia ile kofia nyeupe mpaka nanga ikazama.

"Una rangi ya shuka la wodini," Mama Pacha akamwambia, akimfuta. "Lakini lililokwisha kufuliwa."

Jumatatu alifungua kibanda, akafuta kioo, akafagia sakafu isiyo na nywele, akakaa kwenye kiti cha wateja na kujizungusha. Benchi tupu. Ng'ambo, watu wa kiyoyozi walicheka mpaka kicheko kikavuka barabara. Karibu na mchana fundi viatu akaingia ananuka gundi, akamwondoa kitini, akakaa yeye.

"Kipara."

Nahodha akamfunga shuka shingoni. "Na hadithi?"

"Ya boti lililofungwa kamba. Usiruke paja la kuku."

Akasimulia. Kabla ya kufika kwenye supu, mzee wa magazeti alikuwa mlangoni anasahihisha. Kwenye chungwa la pili benchi lilikuwa limejaa, kila mmoja shahidi, kila mmoja anadai kofia ilijaa zaidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nahodha alikuwa na kisa cha majini ambacho hakuhitaji kukumbuka alikipindaje mara ya mwisho.

Mwishoni mwa benchi palikuwa na mgeni, aliyeelekezwa kibandani na watu wa mbali. Alisikiliza yote, ameuma mdomo. Zamu yake ilipofika akakaa kitini akamtazama Nahodha kwenye kioo.

"Kinyozi, tuheshimiane. Mtu azunguke bandari bila kuondoka, anavutwa na takataka, anatapika kwenye kofia? Mimi si mtoto." Akajiweka sawa. "Nimetoka mbali, nimeambiwa una ya papa. Huna hata moja ya kweli?"

Nahodha akamtazama fundi viatu. Fundi viatu akatazama dari, akaona kitu cha kuvutia sana kwenye feni. Benchi zima likasogea mbele.

Mashine ikawashwa.

"Ya papa ipo," Nahodha akasema, akamwekea mkono utosini. "Ila tulia. Hiyo itabidi nikunyoe mpaka chini."