Mama Shuka na Neno la Madaktari

Wodini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Shuka, kwa sababu mashuka yote ya wodi ya wanaume yalipita mikononi mwake, na ole wako umwage dawa kwenye kitanda alichotandika asubuhi. Mimi nilikuwa muuguzi, yeye mhudumu, lakini aliyekuwa akigombezwa ni mimi.

Kiingereza alikiokota hotelini, alikotandika vitanda miaka kumi na moja kabla ya kuja kwetu. Hakikuwa cha shuleni, ila kilitosha. Madaktari wetu wengi walikuwa wageni, Kiswahili chao kiliishia kwenye pole na asante, na wauguzi tulikuwa wawili kwa vitanda thelathini. Basi daktari akitaka kusema na ndugu wa mgonjwa, anaitwa Mama Shuka, anajifuta mikono kwenye aproni, anatafsiri.

Hapo ndipo alipokutana tena na neno "comfortable". Hotelini lilikuwa la kusifia godoro. Mgeni akilitamka asubuhi, huenda akaacha na bakshishi. Wodini lilikuwa na kazi nyingine. Daktari akishaishiwa na vipimo na dawa, hasemi mgonjwa anakufa. Husema tutamweka awe "comfortable", yaani tutamtuliza maumivu, tungoje. Mimi ndiye niliyemweleza hilo, wiki yake ya kwanza.

"Kumbe hata kufa kuna maneno ya hotelini," akasema, akaendelea kukunja shuka.

Alielewa vizuri sana. Lakini hakuwatafsiria watu hivyo hata siku moja. Aliwageukia na kusema, "Daktari anasema mzee atapumzika vizuri, msiwe na wasiwasi." Watu wakashusha pumzi, wakamshukuru, wakarudi makwao. Kesho yake wakija wanakuta kitanda kimetandikwa upya.

"Mama, unawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa," nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Wewe mwanangu una ulimi wa sindano. Aambiwe leo, aambiwe kesho, msiba si uleule?"

Haukuwa uleule, na nilijua. Ila uongo wake ulinipunguzia vilio wodini, nami nikaufaidi kimyakimya.

Kisha akalazwa mumewe, fundi viatu, kwa ugonjwa wa ini. Binti yao wa pekee alikuwa mwalimu katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Mitihani ilikuwa imeanza na mkuu wake wa shule hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa mara mbili. Kila siku alipiga simu. "Mama, ukiniambia njoo tu, naja."

Jumatatu asubuhi daktari alisimama miguuni pa kitanda cha fundi viatu, akafunga faili, akamwambia Mama Shuka lile neno. Safari hii hapakuwa na ndugu wa kutafsiriwa. Akaitikia kwa kichwa, akatoka koridoni na simu yake kuukuu, ambayo haikusikika mpaka uweke spika. Nilikuwa napanga dawa kwenye toroli, hatua tatu tu kutoka kwake.

"Baba anaendeleaje?"

"Hajambo. Daktari anasema atapumzika vizuri. Usiwe na wasiwasi, mwanangu."

"Kwa hiyo nisije?"

Alijifuta mkono kwenye aproni. Nikadhani sasa atasema.

"Maliza mitihani ya watoto kwanza. Njoo Jumamosi."

Nilimfuata. "Mama, mpigie tena."

"Nitampigia jioni."

Jioni akasema kesho. Namba ya binti ilikuwa kwenye faili, mbele ya macho yangu. Sikupiga. Nilijiambia nyumba ya mtu haiingiliwi, na hadi leo najilaumu.

Fundi viatu alifariki Alhamisi saa nane mchana, mkewe akimbadilishia foronya. Siku hiyo alikuwa ameuliza mara mbili kama binti amefika.

Binti aliingia Ijumaa, bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Alimkalisha mama yake kwenye benchi la koridoni.

"Jumatatu daktari alisemaje? Usinitafsirie, mama. Niambie kama alivyosema yeye."

Mama Shuka alilitamka neno lile polepole. Binti alikuwa akifundisha Kiingereza. Hakuhitaji maelezo.

"Na wewe ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka saba sasa."

Binti aliinuka. Mama yake alinyoosha mkono amshike, hakumfikia. Binti alikuja moja kwa moja hadi kwenye toroli langu, akaniuliza mimi mochwari iko wapi, na kama kweli baba yake yumo.