Mdoli Asiyeanguka

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Kabla huyo mnunuzi hajaja kesho kuangalia gari la mbao la kuchezea ulilobuni, keti hapa nikusimulie.

Mimi ndimi niliyebuni mdoli asiyeanguka. Ndiyo, mimi, na usinicheke! Hapa kwetu Kiogoro ni miteremko mitupu. Msichana akimbeba mdoli wake mgongoni, akikimbia kidogo tu, mdoli chini, kilio hewani. Basi nikaketi kwenye cherehani yangu, nikamshonea mdoli mikono mirefu ya kuzunguka shingo ya mtoto na kufungwa kifuani kwa kifungo. Binti yangu akateremka mbio hadi mtoni, akarudi naye mgongoni vilevile. Nilipiga vigelegele peke yangu uani.

Nikaanza kuwauza sokoni Daraja Mbili. Bwana mmoja mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto akanifuata nyumbani na kitita cha pesa. Alitaka nimuuzie ubunifu wenyewe, mdoli awe wake daima. Na nyumba yangu ilikuwa ikivuja, mwanangu. Pesa zile zilitosha mabati. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyamira, alikochuma majani chai maisha yake yote. Alikuwa kando akimenya ndizi. Akaniuliza, "Mokamwana, mke wa mwanangu, unamuuzia majani ama unang'oa mti wa chai umpe?"

"Mama, huyu ni mdoli, si chai."

"Sawa. Na bonasi yako utaipata wapi?"

Kalamu nikaiweka chini. Sisi huku tunauza majani, shamba linabaki letu, na mwaka ukiisha tunangoja bonasi, fungu letu la faida kutoka kiwandani. Nikamwambia yule bwana: shona wewe, uza wewe, lakini mdoli abaki wangu, nami nipate fungu langu kwa kila mmoja anayeuzwa. Akanuna, akafunga mkoba, akaenda zake. Wee! Jioni ile mvua ilinyesha, nami nikapanga sufuria sakafuni huku nikimnung'unikia mama mkwe. Yeye akaendelea kula ndizi zake.

Bwana yule alirudi baada ya wiki kadhaa, akakubali sharti langu. Tukaandikiana mbele ya wakili.

Mabati yalikuja polepole, lakini yalikuja, na hadi leo simu yangu hulia pesa zikiingia. Juzi sokoni nilimwona msichana akikimbia, mdoli mgongoni. Nikamwambia mama yake, "Huyo ni wangu!" Maskini, akamvuta mtoto wake haraka. Nilicheka hadi machozi, kwa fahari.

Kwa hiyo kesho mkaribishe mgeni, mpe chai. Kila karatasi isome kabla ya kutia sahihi, na umuulize bonasi yako iko wapi. Akinuna, mwache anune.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, gari lako lifike nchi ambazo mimi sitaziona. Na bonasi ya kwanza ikiingia, niletee sukari.