Siku ya Mikaeli

Nilipokuwa mtoto kule Newala, miaka ya mwisho ya Mwingereza, wenzangu waliisubiri kwa hamu Sikukuu ya Mikaeli na Malaika Wote. Nyumbani kwetu ilisubiriwa kwa kunong'ona. Bibi yangu, mama yake baba, aliamini kwamba siku ile ina kisa na ukoo wetu.

Hakujua kusoma, lakini sikukuu za kanisa alizijua kama alivyowajua wajukuu wake. Ilikuwa siku ya Mikaeli, wakati wa Majimaji, baba yake aliyejificha porini upande wa Chiwata alipokutwa amekufa. Siku hiyo hiyo, katika vita vya Mjerumani, kaka yake alikamatwa shambani akabebeshwa mizigo ya jeshi, asionekane tena. Na katika vita vya pili, jioni ya Mikaeli, walikuja kumwambia kwamba mwanawe wa kwanza amefia Burma. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kutoka uani siku hiyo, ila kwenda kanisani na kurudi.

"Siku ikishakula mara tatu," alikuwa akisema, "imeujua mlango."

Baba yangu alikuwa mwalimu. Alimheshimu mama yake, lakini imani hiyo aliionea haya. Mwaka nilipokuwa darasa la pili, aliwaalika walimu wenzake kutoka Masasi waje kula kwetu baada ya ibada ya Mikaeli. Asubuhi pipa likakutwa kavu. Mabomba yalikuwa bado hayajafika kwetu. Mwisho wa kiangazi wanawake walishuka genge la mlima hadi chemchemi za bondeni, wakapanda na madebe kichwani. Mama alikuwa mzazi wa siku chache, hajatoka ndani. Baba akamgeukia dada yake mdogo, shangazi Tekla, msichana aliyekwisha kuposwa.

"Tekla, wahi maji kabla jua halijawa kali."

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini. "Yohana, mwanangu. Leo?"

"Mama, Mungu hakuumba siku mbaya."

"Haya. Lakini mtoto huyu hatarudi kwa miguu yake."

Tekla aliyasikia. Akasema, "Nitarudi, mama," akachukua debe akaenda.

Wanaume walimleta mchana, wamembeba kwenye machela ya matawi. Alikuwa ameteleza gengeni na debe limejaa, akaangukia mawe, mguu ukavunjika chini ya goti. Wageni walikuwa wameshaketi kula. Hospitalini, huko Masasi, alikaa miezi. Mfupa uliunga ukiwa umepinda, na wale waliomposa wakarudi nyuma kimyakimya.

Hakuna aliyemlaumu baba, na nadhani hilo ndilo lililomla zaidi. Kila alipopata lori alikwenda kumwona dada yake. Shuleni alifundisha akitazama dirishani. Chakula alikigusagusa tu.

Kumbe bibi naye alikuwa na mzigo wake. Nilimsikia jikoni akimwambia mama: "Mama Agnesi, wote mnamwangalia Yohana. Ni mimi. Nani alinituma niseme vile? Mtoto wangu alishuka na neno langu kichwani, zito kuliko debe."

"Lakini ulionya tu, mama."

"Mzazi haonyi hivyo."

Mwaka uliofuata Mikaeli ikaja tena, na safari hii baba ndiye aliyefunga mlango. Mtu yule aliyezoea kusoma somo kanisani alituzuia hata kwenda ibadani. Aliketi kizingitini, uso umempauka. Tekla, aliyekuwa sasa anatembelea fimbo, alimwambia kwa upole, "Kaka, nilikuwa naharakisha tu, nisikose ibada. Njia ilikuwa na changarawe."

Baba hakubanduka kizingitini.

Ndipo bibi akatoka chumbani na debe mkononi. "Nipishe."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuteka maji."

"Leo ni Mikaeli!"

"Najua kuliko wewe. Yohana, hofu hii ni yangu, niliachiwa na wafu wangu. Sikukuzaa uje uibebe."

Baba alitaka kumfuata, bibi akamkataza. Alitaka kumpokea debe, akamkataza. Tukakaa uani tukitazama njia, Tekla amemshika kaka yake mkono. Jua lilikuwa limeshapita utosini bibi alipotokea, debe nusu, kanga imelowa, miguu imejaa vumbi. Alichota kikombe akampa baba.

"Kunywa."

Baba alikunywa huku analia kama mtoto. Kisha bibi akamgeukia binti yake. "Nisamehe, mwanangu, kwa lile neno."

"Nimeshasahau, mama," alisema Tekla. Sijui kama mtu mwenye mguu ule anaweza kusahau, lakini alisema hivyo akitabasamu.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile bibi aliacha kuamini. Sasa nimefikia umri wake wa wakati ule, na sidhani hivyo tena. Nafikiri aliposhuka genge aliamini kwa moyo wote kwamba huenda asipande, na alishuka vivyo hivyo. Baba hakujisamehe kabisa; hata uzeeni, akitembea na Tekla, alitangulia mbele akiondoa mawe njiani kwa ncha ya kiatu. Ila sisi watoto hakuna aliyetufungia mlango tena, na wajukuu wangu wakiniuliza kwa nini huwa nanyamaza kidogo siku ya Mikaeli, nawaambia nawakumbuka watu, basi.