Shemeji wa Karakana

Pale karakanani hakuwa shemeji wa mtu yeyote, lakini wote walimwita Shemeji, hata mama chai wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, na lilimpendeza.

Tajiri wao, mzee mwenye kitambi na sauti ya upole, alikuwa na mashine nzuri za kupasua na kuranda mbao, ila hakuwa amemkatia bima fundi hata mmoja. Sheria ilimtaka awakatie. Yeye alisema bima ni mambo ya makampuni makubwa, pale wanabangaiza tu. Kwa hiyo kila ilipovuma kwamba afisa wa kazi yuko mtaani, mafundi walitakiwa wasionekane mafundi, na Shemeji ndiye aliyewapa dawa yake. Zimeni mashine, aliwaambia, vueni aproni, kalieni viti vilivyokauka vanishi, injikeni birika. Sisi ni ndugu wa mzee, tumekuja kumjulia hali.

Yeye akajipa cheo cha kaka wa mke wa tajiri. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Afisa akiingia, humkuta anamgombeza tajiri: "Shemeji, mbona dada yangu amekonda hivi? Kwetu hatukumtoa akiwa mifupa." Na mke wa tajiri ni mama aliyepita mlangoni kwa ubavu. Afisa akishaondoka, walicheka mpaka wakagaagaa kwenye maranda.

"Chai muimalize," alikuwa akiwafundisha. "Mgeni wa kweli haachi chai nusu. Fundi ndiye huacha kikombe akakimbilia mashine. Afisa akiona vikombe nusu, tumekwisha."

Waliimaliza. Bima haikukatwa, kazi haikufungwa, na kila mmoja alijiona mjanja.

Halafu ukaja ubao wenye msumari uliozama ndani. Msumeno uliukuta ule msumari, ubao ukaruka, mkono wa kulia wa Shemeji ukavutwa. Vidole vitatu vikabaki mezani. Gumba lilinusurika, lakini lilijikunja kuelekea kiganjani likakataa kunyooka.

Tajiri alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, tumpe haki yake. Alileta machungwa mara mbili. Daktari aliposema panahitajika upasuaji wa pili, simu ya tajiri ikawa haipokelewi.

"Nikilifungua hilo gumba mapema, utashika patasi, utashika kijiko," daktari alimwambia. "Ukichelewa, litakauka hivyohivyo. Hapo hata mimi sina la kukufanyia."

Basi lililotafutwa lilikuwa gumba. Si utajiri, si kisasi. Mtu alitaka gumba lake lifunguke ili arudi kuwa fundi.

Mkewe ndiye aliyemsukuma aende ofisi ya kazi. "Bima hana, lakini si ana mali? Mashine zile ni za nani? Nenda, baba. Aibu haishiki patasi." Alimfunga vifungo vya shati, kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena, akamtoa mlangoni.

Afisa alikuwa mwanamke mpole, wa kuongea taratibu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama sana.

"Mimi nakukumbuka," akasema. "Wewe si yule shemeji? Ulinikaribisha chai. Nikakuuliza kama mnafanya kazi pale, ukacheka, ukasema wewe hata nyundo hujui kushika."

Shemeji alitamani ardhi ipasuke. "Tulikuwa tunadanganya, mama."

"Na leo?"

"Leo nasema kweli."

Afisa akashusha pumzi. Alimweleza kwamba mwajiri asiye na bima hakwepi kitu, atalipa kutoka mfukoni mwake, mradi ithibitike kwamba huyu aliumia akiwa kazini kwake. Mshahara walikuwa wakipewa mkononi, kwa hiyo ushahidi ni watu. "Nitakuja Alhamisi. Wenzako wakisema ulikuwa fundi pale, nitambana. Wakisema vingine, mikono yangu imefungwa."

Jioni ile Shemeji alikwenda kwa fundi mwenzake waliyemwita Gundi. Shemeji ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kukoroga gundi mpaka kuunga kabati. Gundi alimshika bega. "Kaka, vidole vyako niliviokota mimi. Nitakosaje kusema?" Shemeji alirudi nyumbani akala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aumie.

Alhamisi aliongozana na afisa. Walipokaribia lango, alisikia mashine zikizimwa moja baada ya nyingine. Hakuhitaji kuingia ili ajue. Alikijua kimya hicho, alikitunga yeye.

Ndani, aproni hazikuonekana. Wenzake walikuwa wamekalia viti vilivyokauka vanishi, birika linafuka, na tajiri yuko katikati yao kama baba wa ukoo.

"Mke wangu hali chakula tangu kaka yake aumie," tajiri alimwambia afisa kwa huzuni. "Amekonda."

Hakuna aliyecheka. Afisa aliwauliza mmojammoja. Sisi ni ndugu, tumekuja kumjulia hali mzee. Alipofika kwa Gundi, Shemeji alimkazia macho.

"Huyu ni shemeji wa mzee," Gundi alisema huku akitazama maranda. "Alikuja kutembea, akaanza kuchezea msumeno. Tulimkataza."

Shemeji alimchukia kwa muda wa kumeza mate. Kisha akamwelewa, na kumwelewa kukamuuma zaidi. Karakana ikifungwa, Gundi angewapeleka wapi wanawe? Yeye mwenyewe alikuwa amesema uongo huohuo kwa sababu hiyohiyo, tena kwa mbwembwe.

"Nilikuwa fundi hapa," akamwambia afisa. "Hizo kabati zote ni kazi yangu."

"Nakuamini," afisa alisema polepole. "Lakini maneno yao ndiyo yaleyale uliyoniambia wewe. Nikiyapeleka mbele, nitasema ulidanganya lini, siku ile au leo?"

Afisa akafunga mkoba wake, akasema angeangalia kama kuna njia nyingine, kwa sauti ya mtu anayejua hakuna.

Gundi alimimina chai, akamletea. "Karibu, shemeji."

Kwa adabu ya miaka yote, Shemeji alinyoosha mkono wa kulia. Gumba lilikuwa limelala kiganjani, halikwenda popote. Akauvuta nyuma, akapokea kwa kushoto, akaketi kwenye kiti alichokiunga mwenyewe. Afisa alikuwa bado anamtazama, wenzake wanamtazama. Chai ilikuwa ya moto sana. Aliinywa yote.