Namna ya Kumwita Kanga Dume

Ipo asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote: ukungu mweupe juu ya Mto Tana, majani yaliyolowa hadi ncha, na mimi nimeketi chini ya mgunga, upinde mapajani, mguu mmoja umekufa ganzi. Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Ndevu zangu za kwanza zilikuwa zimetokeza, na kuna msichana aliyeitwa Hawayu ambaye nilikuwa namtaka.

Umeniuliza jinsi mtu anavyoanza kuwinda kanga. Nitakueleza, lakini nitapitia kwa Hawayu, kwa sababu bila yeye mimi nisingeshika upinde. Kijijini kwetu, mwendo mfupi juu ya Garsen, vijana tulijua jembe na kasia. Uwindaji ulikuwa wa wachache.

Baba yake Hawayu alikuwa amefariki, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa mjomba wake, Mzee Dido, mwalimu wa Kurani katika kijiji cha juu ya mto. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla yangu alikuwa ameshamkataa mchumba mmoja, na hakuna aliyejua kwa nini. Sasa akaleta habari kwamba Ijumaa, baada ya sala, atashuka kwa mtumbwi aje kuitazama nyumba yetu na kunitazama mimi.

Mama akashika kichwa. Kideri kilikuwa kimepita mwezi ule na kuku wote walikuwa wamekufa, hata yule jogoo mwenye kilema. Waorma, ambao kwa kawaida tungewaendea kwa mbuzi, walikuwa wamehama na mifugo yao kwenda malisho ya mbali kukimbia mafuriko. Samaki tulikuwa nao, lakini mama alisema hawezi kumwekea mgeni wa namna ile kambare wa kila siku.

"Labda kanga," akasema. "Lakini achinjwe kwa kisu akiwa bado hai. Yule mzee ataniuliza, na mimi sitasema uongo mbele ya mwalimu."

Nikaenda kwa Babu Komora, kaka wa nyanya yangu. Alikuwa mzee mwembamba, masikio makubwa, na katika kijiji kizima ndiye aliyejua kumwita ndege mpaka akaja miguuni.

"Babu, nifundishe kuwinda kanga."

"Unamtaka kanga au unamtaka Hawayu?"

"Wote wawili."

"Tuanze na mwenye manyoya. Mke wetu atasubiri."

Ndivyo babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Mchumba wako ni mke wao pia, na ukikasirika wanaongeza.

Nilidhani atanipa upinde twende. Hakunipa kitu. Jioni ile alinipeleka kando ya mto tukakaa tu, tukitazama miti. Jua lilipokuwa linazama, kundi la kanga likatoka kwenye vichaka, likasimama chini ya mgunga mkubwa, likaanza kupaa mmoja mmoja hadi matawini, kwa kelele nyingi kama watu wanaogombania mahali pa kulala. Babu akasema kanga hulala juu ya mti uleule mpaka asumbuliwe. Kwa hiyo anayeanza hana haja ya kuzunguka pori. Ajue wanapolala, ajue wanapotua alfajiri, kisha asiwasogelee mno. Akienda chini ya mti wenyewe, watahama, naye atakuwa ameharibu kazi ya wiki nzima.

Siku iliyofuata alinikalisha nyuma ya nyumba yake, akaegemeza kipande cha mgomba penye kichuguu, nikapiga mishale tangu asubuhi. Kila nilipotaka kusimama ili nipige vizuri alinirudisha chini kwa fimbo.

"Kanga hatakuja kukutazama umesimama," alisema. "Piga ukiwa umekaa, kama utakavyokaa kule."

Mishale yenyewe haikuwa na chuma. Kichwani ilikuwa na kigogo cha mti mgumu, butu, kinachompiga ndege akazimia bila kutobolewa. Hapo ndipo unapokimbia na kisu. Kisu kikae mkononi au kiunoni mahali pa wazi, maana kanga aliyezimia huamka upesi na kuondoka.

Kisha akanifundisha sauti, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Kanga dume na jike wanafanana. Madoadoa yaleyale, pembe ileile ya kichwani. Ukimtazama tu hutajua. Ila jike husema maneno mawili, la pili likipanda: *ke-kwee, ke-kwee.* Dume hana hilo la pili. Yeye hukatakata, *che-che-che*, kama mtu anayegonga bati. Wakati wa mvua kundi, hata likilala pamoja, mchana huvunjika wawili wawili, na jike ana mayai tumboni au ana kiota majanini. Babu hakumgusa jike wakati huo, na hakukubali mwanafunzi wake amguse. Alichofanya ni kukunja viganja mdomoni na kuita kama jike, dume akaja mwenyewe kutazama.

Nililijaribu lile *ke-kwee* siku nzima. Mama aliniambia nitoke ndani. Ilipofika jioni lilikuwa limenikaa kooni, nikajiona bingwa.

Alfajiri ya kwanza nilichagua mahali pangu mwenyewe. Palikuwa na ujia safi, mpana, majani yamelazwa pande zote, unaona mbele bila kizuizi. Babu akanikuta nimeshatandika shuka.

"Huyu mwenye njia yake umemwambia?"

"Kiboko ameshaingia majini, Babu. Kumekucha."

"Kwani akirudi anakubishia hodi?"

Nikahama. Tukakaa migongo yetu ikiegemea mti mnene kuliko mabega yetu, kila mmoja akitazama upande wake. Kanga wakaanza kuamka juu ya mti wao kule mbele. Nikaita. Na kweli, mwanangu, mbali kidogo dume akanijibu: *che-che-che.* Moyo ukanipanda. Nikaita tena. Akajibu karibu zaidi. Nikaita tena na tena, nikaongeza madoido, nikawa sasa nasikia raha ya sauti yangu mwenyewe. Yule dume akasimama nyuma ya kichaka, nikiona tu majani yakitikisika. Akatulia. Mimi nikaona labda hajanisikia, nikaita kwa nguvu. Alipoondoka hata hakukimbia. Alitembea tu, akaenda zake.

Babu Komora alingoja jua litoke. Kisha akafungua kibuyu cha maji, akanywa, akanipa.

"Mjukuu wangu, ulikuwa unamwita ndege au unapiga mnada?"

"Alikuwa anajibu, Babu."

"Alijibu mara ya kwanza. Hapo alikuwa ameshasikia, ameshajua ulipo, anakuja. Sasa wewe ukaendelea. Jike gani analia hivyo? Yeye huita, halafu hurudi kuchakura. Ukiita bila kukoma, dume anajua moja kati ya mawili: kuna hatari, au kuna mwehu." Akakifunga kibuyu. "Kuita umejua. Kunyamaza hujui hata kidogo. Na kunyamaza ndiko kunakomleta."

Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliona Ijumaa. Imebaki asubuhi moja.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa ndiyo ile niliyokuambia naiona nikifumba macho. Kulikuwa na ukungu, nasi tulikaa chini ya mgunga mwingine, mbali na ule wanaolalia. Babu alikaa nyuma yangu kidogo, upande ambao jicho langu lingemfikia, na kunipa amri moja tu: akigusa sikio lake, nisikilize na nisifanye kitu.

Niliita mara moja. *Ke-kwee, ke-kwee.* Kisha nikaweka mikono chini.

Hakuna jibu. Mto ulikuwa unapita na magogo yake. Mbu wakanikuta shingoni. Mguu ukafa ganzi, nikauacha ufe. Nilitaka kuita tena kama mtu anavyotaka kujikuna, nikamfikiria mama akipuliza moto chini ya sufuria tupu, nikanyamaza.

Ndipo kanga akatoka kwenye majani, kimya, akasimama mbele yangu karibu kiasi kwamba niliona maji yakimtiririka mgongoni. Mahali pazuri kabisa. Nikaanza kukaza upinde. Kwa pembe ya jicho nikamwona Babu akigusa sikio.

Ndege hakutoa sauti. Akachakura, akala kitu, akachakura. Nilijua akipiga hatua chache atafunikwa na majani, na mgeni yuko njiani, na mwingine huenda asije. Dume au jike? Sikujua, mwanangu. Nikalegeza upinde polepole. Yeye akainua shingo, akasema: *ke-kwee.*

Jike. Akapita zake mbele yangu hadi vichakani.

Nilitaka kulia. Babu hakuondoa mkono sikioni. Na wakati ule ule, nyuma ya jike, palepale alipopita, akatoka dume, akikatakata bati lake kwa hasira kwamba ameachwa. Nilisubiri kichwa chake kipite nyuma ya kisiki, nikavuta, kilipotokea upande wa pili nikapiga huku nikisema Bismillahi. Akaanguka. Nilikimbia kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiburuta kama gogo, nikamkuta ameanza kupiga mateke, nikamchinja hai, nikakaa chini matopeni nikicheka peke yangu.

"Cheka pole pole," Babu akasema. "Mjomba bado hujamwinda."

Mzee Dido alifika baada ya sala. Aliketi kwenye mkeka, akala wali na mchuzi wa kanga. Babu Komora aliketi upande wa pili. Mama alikuwa nyuma ya kizuizi cha makuti, na nilijua sikio lake liko wapi. Mgeni alipomaliza alinawa vidole, kimoja kimoja.

"Nani amechinja?"

"Mimi, Mjomba."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anapiga mateke."

"Unataka nini kwetu?"

"Namtaka Hawayu."

Basi akanyamaza. Alinyamaza hivi kwamba tulisikia nzi kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya siku ile: shamba langu la mpunga, mtumbwi niliouchonga mwenyewe, juzuu nilizohitimu, jinsi ninavyomheshimu mama. Yote yalinijaa mdomoni. Nikafungua midomo. Mbele yangu, Babu Komora, akitazama dari kama mtu asiyehusika, akainua mkono akajigusa sikio.

Nikafunga midomo. Nikakaa. Nilikaa kama nilivyokaa chini ya mgunga, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko cha asubuhi.

"Yule wa kwanza," Mzee Dido akasema hatimaye, "nilimuuliza anataka nini, akanitajia mashamba yake yote na ng'ombe wa baba yake, mpaka nikalala nimeketi. Nilipoamka alikuwa hajamtaja mtoto wangu." Akainuka, akavaa makubadhi. "Mwezi ukiandama, mama yako aje azungumze na dada yangu."

Huyo Hawayu, mwanangu, ndiye nyinyi mnayemwita Mama Buya, huyo anayetupigia kelele kutoka jikoni kwamba chai inapoa. Anasema mjomba wake alirudi nyumbani akamwambia, "Nimekupatia mwanamume anayejua kunyamaza." Naye hunijibu mbele ya watu kwamba tangu tuoane hajawahi kukutana na mwanamume huyo.

Sasa nikwambie nililotaka kukwambia. Siku hizi sheria ya wanyama wa porini ni nyingine. Kabla hujashika upinde nenda ofisini kwao uulize, usije ukakamatwa ukasema ni mimi niliyekutuma. Ukiruhusiwa, anza kwa kutazama, ujue ndege analala wapi. Jizoeze ukiwa umekaa. Njia ya kiboko mwachie kiboko. Kisu kiwe karibu. Usipige ambacho hujakitambua, hata mikono ikikuwasha namna gani, na mwenye mayai mwache apite. Mara nyingi unayemtaka yuko nyuma yake. Na usiporuhusiwa, hata usipogusa upinde maisha yako yote, chukua hili moja la Babu Komora: ukishaita kwa sauti safi, ukasema unachotaka, nyamaza. Mpe mwenzako nafasi ya kuja kwa miguu yake. Wengi nimewaona wakipoteza kazi, wachumba na marafiki, si kwa kutojua kuomba, bali kwa kuendelea kuomba wakati jibu lilikuwa limeshaanza kutembea kuwajia.

Nenda, mwanangu. Mola akujalie sikio la kutofautisha sauti, mkono unaojua kulegeza upinde, na mtu mzima wa kukaa nyuma yako siku moyo wako unapokwenda mbio. Na unachokiita kwa haki, kikujie kikiwa hai.