Jumamosi Nyumbani kwa Mkuu wa Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sinia la bati lililojaa nati, na kopo la mafuta ya taa. Ilikuwa Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile inayokufanya ushindwe kukunja vidole. Fundi Mkuu alikuwa mzee wa Kisafwa, mfupi, mwenye koti la ovaroli lililofika magotini. Hakuniuliza jina. Alisema, "Osha hizi, kisha unionyeshe kila moja inatoka wapi." Niliosha hadi saa sita. Sikujua hata moja inatoka wapi. Alikaa kwenye tairi, akanionyesha moja moja mpaka sinia likaisha, halafu akasema, "Injini haimjui mwanamke wala mwanaume, Sekela. Inamjua mzembe." Kumbe jina langu alikuwa analijua.

Kampuni yetu ilikuwa ya usafirishaji, na sasa haipo tena. Mafundi tulikuwa kumi na mmoja, mimi mwanamke peke yangu. Ninyi vijana mna kompyuta ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, inawaambia ugonjwa uko wapi. Sisi tulikuwa na masikio, mikono, na bisibisi ndefu tuliyoweka sikioni kama daktari. Nasema hivi ili mwelewe kwamba mikono ilikuwa ndiyo kipimo chetu, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kubadilisha belti ya taiming. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, unaounganisha kranki iliyo chini ya injini na kemu iliyo juu. Kranki inapandisha na kushusha pistoni. Kemu inafungua na kufunga valvu. Belti ndiyo inayohakikisha vyote viwili vinakwenda pamoja. Ikikatika, kwenye injini nyingi pistoni inapanda na kukuta valvu iko wazi, inaipinda, na gari lililokuwa zima asubuhi, jioni ni chuma chakavu. Kwa hiyo unabadilisha kabla haijakatika. Unatoa puli ya kranki, yaani gurudumu lake la mbele, unatoa makava yanayofunika belti, unalinganisha alama za juu na chini, unalegeza tensheni, yaani kile kigurudumu kinachoikaza belti, unatoa ya zamani, unavalisha mpya. Kisha unazungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, ukitazama kama alama zinarudi mahali pake. Kwa mkono. Hupigi selfu, yaani huwashi kwa ufunguo, mpaka umehakikisha. Na kabla ya yote hayo unatoa waya wa hasi wa betri, ili hata mtu akigusa ufunguo kwa bahati mbaya, injini isishtuke.

Hayo yote alinifundisha Fundi Mkuu. Alikuwa na sheria nyingine moja aliyoirudia hadi tukaichoka: anayesema "tayari" ni yule mwenye mikono ndani ya injini, na si mwingine yeyote, hata angekuwa waziri.

Fundi Mkuu alipostaafu, tulibaki chini ya Mkuu wa Karakana. Huyu hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa ofisini, mwenye suruali yenye mstari wa pasi, anayependa kusema, "Nipe matokeo, usinipe hadithi." Sikumchukia. Ni yeye aliyeidhinisha barua yangu ya kuthibitishwa kazini wakati wengine walisema gereji si jikoni.

Fundi niliyefanya naye kazi kwa ukaribu aliitwa Kihwele, Mhehe kutoka Kalenga, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojua mkazo wa belti kuliko kifaa chochote. Katika ujana wake alikuwa mnywaji sana wa komoni. Mkewe, Mama Neema, alikubali kuolewa kwa sharti moja, kwamba aache pombe, naye aliacha. Mama Neema alikuwa rafiki yangu. Tuliimba kwaya moja. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, baba yake akiwa ameshatuacha, ni Mama Neema aliyenipikia uji siku arobaini.

Siku moja ya Ijumaa, Mkuu wa Karakana alituita ofisini mimi na Kihwele, akafunga mlango. Gari lake dogo la Kijapani lilikuwa limefikia muda wa kubadilishiwa belti. Kampuni ilikuwa imekataza kabisa wakubwa kutumia mafundi kwa kazi binafsi, na mwaka huo walikuwa wanapunguza watu.

"Mje nyumbani kesho," alisema. "Kazi ya saa tatu. Na iwe baina yetu."

Tulikwenda. Nyumba yake ilikuwa na ua mzuri wa saruji, tukafanyia pale. Kihwele alipotaka kutoa waya wa betri, Mkuu akasema kutoka barazani, "Uacheni huo, nasikiliza mpira." Redio ya gari ilikuwa imewashwa. Kihwele alinitazama. Nilinyanyua mabega. Hilo ni kosa la kwanza, na lilikuwa letu sote watatu.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulivalisha belti mpya, alama zikakaa. Kihwele akaniambia niingie ndani ya gari, niweke gia na kukanyaga breki, ili kranki isizunguke wakati anakaza nati ya puli. Nikaingia. Boneti ilikuwa imefunguliwa, sikumwona. Nilisikia spana ikilia, kisha akasema, "Toa gia." Nikatoa. Kilichobaki kilikuwa kuipima belti mkazo wake, halafu mizunguko miwili kwa mkono.

Mkazo tuliupima kwa vidole. Unaishika belti kati ya kidole gumba na cha shahada, unaipinda. Ikipinda robo ya mzunguko tu, iko sawa.

Mkuu wa Karakana alikuwa anawahi harusi Tukuyu. Alishuka barazani akasimama kando ya gari, akiangalia saa. "Bado nini? Pigeni selfu tuone."

Nikaita, "Kihwele, tayari?"

"Tayari, piga," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Mkuu. Nataka jambo hili lisomwe vizuri. Nilijua ni sauti yake. Nilikuwa nimefanya kazi na Kihwele miaka sita, nisingeweza kuchanganya. Nikazungusha ufunguo.

Haikufika hata sekunde moja. Nilisikia injini inashtuka, kisha kelele moja fupi ya Kihwele, kama mtu aliyekatwa neno. Nilipofika mbele, alikuwa ameshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Belti ilikuwa imebeba vidole vyake mpaka kwenye puli ya kemu. Viwili havikurudi. Gumba lilibaki, lakini halikukunjika tena.

Shemeji yake Mkuu alikuwa na pikapu. Ndiyo iliyotupeleka hospitali.

Jumatatu Mkuu wa Karakana aliniita. Safari hii hakuketi. Juu ya meza palikuwa na barua iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, Sekela, nilimshuhudia Kihwele siku ya Jumamosi akiwa amelewa, nyuma ya kilabu cha komoni, akitengeneza gari la mteja wake binafsi, na hapo ndipo alipoumia.

"Mkuu, tulikuwa kwako," nilisema.

"Kwangu hakuna aliyekuja."

"Kihwele hanywi."

"Alikuwa anakunywa. Watu wanakumbuka." Alisukuma kalamu. "Sikiliza, Sekela. Nikisema ukweli, mimi nafukuzwa. Sawa. Na wewe? Ufunguo ulizungusha wewe. Polisi watamwita nani? Watoto wako watalelewa na nani?"

Niliwafikiria watoto, hilo ni kweli, lakini pia nilijifikiria mimi mwenyewe, nikivuliwa ovaroli. Nikasaini.

Kihwele alipotoka hospitali alikana. Alisema alikuwa nyumbani kwa Mkuu, na mimi nilikuwapo. Mimi na Mkuu tulikuwa wawili dhidi ya mmoja. Aliachishwa kazi kwa ulevi, bila fidia, kwa sababu hakuumia kazini. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake, nilijificha stoo nyuma ya matairi hadi alipoondoka. Walihama Mbeya kabla ya mvua kuanza. Mama Neema hakuja kuniaga, na mimi nilishukuru Mungu kwamba hakuja.

Baada ya muda si mrefu nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Iringa kuwa Msimamizi wa Karakana ya malori ya mbao. Nilikaa huko miaka yangu yote iliyobaki. Niliona Mameneja Usafirishaji watatu wakija na kuondoka. Mmoja alikuwa mkali, mmoja mlokole, mmoja hakukaa ofisini hata wiki nzima. Mafundi wangu walinipa jina la Mama Betri, kwa sababu sikuruhusu mtu aguse injini kabla waya wa hasi haujatolewa na mimi kuuona kwa macho yangu. Funguo zote nilizitia mfukoni mwangu. Walicheka, lakini hakuna aliyeumia chini yangu. Wakubwa walinisifu kwa usalama kazini, na kwenye sherehe ya kuniaga Meneja alisema mimi ni mfano. Nilipiga makofi pamoja na wengine, maana sikujua mikono niiweke wapi.

Sasa nimestaafu. Nafanyia kazi nyumbani kwangu, uani, gari moja au mawili kwa wiki, mengi ni ya belti.

Mwaka huu, kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi wa zamani, ilikuja habari kwamba Mkuu wa Karakana amefariki. Watu waliandika pole, wakamsifu. Katikati ya sifa, mmoja akauliza nani bado yuko hai. Mwingine akajibu, "Yule Kihwele mlevi aliyejikata vidole nasikia analima mpunga Madibira." Wakaweka picha za kucheka.

Nilikaa na simu mkononi. Nilielewa jambo ambalo sikutaka kulielewa: miaka yote hiyo nilikuwa nangoja Mkuu afe, nikiamini kwamba akifa yeye na uongo utakufa naye. Na sasa alikuwa amekufa, na uongo ulikuwa unachekwa, mzima kabisa.

Nilipanda basi hadi Mafinga, kisha jingine hadi Madibira. Nilimkuta Kihwele kwenye mfereji, akiwaelekeza vijana wawili wa Kisukuma wafungue maji upande gani. Amezeeka, lakini urefu ni uleule. Aliponitambua alitoka kwenye mfereji.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene."

Alinipeleka nyumbani kwake, binti mmoja mtu mzima akanipa kiti na kuniamkia. Ndiye Neema, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake wakati ule. Sasa ni mwalimu. Niliuliza habari za Mama Neema.

"Tumemzika miaka minne iliyopita," alisema Kihwele.

Ndipo nikasema nilichokuja kusema. Sauti ya nani ilisema tayari. Nani alizungusha ufunguo. Nani aliandika barua, nani alisaini. Kihwele alisikiliza hadi mwisho, mkono wake mbovu ukiwa juu ya goti.

"Mimi nilijua," alisema. "Nilikuwapo, dada. Hujaniletea habari mpya. Aliyekuwa hajui ni marehemu mke wangu. Nilimwapia. Nilimwapia kwa Biblia. Akaniambia, 'Sekela ni rafiki yangu, angesema uongo kwa faida gani?' Hakuniacha. Alinipikia, alinizalia wengine wawili, alinivisha shati vifungo vikinishinda. Lakini kila jioni nikiingia mlangoni alininusa mdomo. Kila jioni. Mpaka mwaka aliokufa."

Neema alikuwa amesimama mlangoni, nami sikujua ameanza kusikiliza saa ngapi.

"Ulipata nini, mama?" aliniuliza, kwa adabu, kama anavyowauliza wanafunzi wake.

"Nilipata Iringa," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikua nikimwonea baba aibu. Shuleni waliniita mtoto wa mlevi, na sikuwabishia."

Niliomba msamaha, kwa baba kisha kwa binti. Kihwele alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikumwuliza mara ya pili. Aliniambia gari la Mafinga linaondoka saa tisa. Nilitembea hadi barabarani peke yangu, hakuna aliyenisindikiza.

Nilipofika nyumbani niliandika kwenye kundi la wasapu. Niliandika yote, kwa majina, na kwamba Kihwele hakuwa amekunywa. Watu wengi walisoma wakakaa kimya. Mmoja akaandika, "Mama Betri, mambo ya zamani hayo, mwache marehemu apumzike." Wawili walijitoa. Yule aliyecheka aliomba radhi, ila aliniomba mimi, wakati mwenye haki ya kuombwa hayumo kwenye kundi.

Mtaniuliza ninyi vijana mnaoanza kazi mjifunze nini. Utaalamu nimeshawaeleza, na mtaupata hata pengine bora kuliko kwangu. Zaidi ya hapo sioni kama nina haki ya kufundisha. Nililinda mikono ya watu kwa miaka mingi Iringa, na hiyo haikurudisha hata jioni moja ya Mama Neema.

Wiki iliyopita Neema alinipigia. Hakunisalimu kwa urefu.

"Ulichoandika kwenye kundi kimetufikia, na baba ameomba nimsomee," alisema. "Nimemsomea. Sasa ameniambia nisome tena, kwa sauti, milango ikiwa wazi."

Akakata simu.